Wameshanigeuza

Mwanamke wa kitanda cha mwisho, kile kilichobanwa na ukuta, alikuwa dobi. Tangu usichana wake alifua nguo za watu, na katika nguo zote zilizopita mikononi mwake hakuna aliyoijua kama shuka. Akikunjua shuka moja tu alijua nyumba ile mke na mume siku hizi wanalala mzungu wa nne, kichwa huku miguu kule, nani anakula kitandani kwa kujificha, nani anatokwa jasho la homa, na mtoto gani mkubwa bado anakojoa. Hakumwambia mtu. Aliloweka, alisugua, alianika, alipiga pasi, kisha akazirudisha zimekunjwa pembe kwa pembe kana kwamba hazijawahi kulaliwa. Wateja walimpenda kwa ule mdomo wake uliofungwa kuliko hata kwa weupe wa nguo.

Mtaani hakuna aliyemwita kwa jina lake. Alikuwa Shangazi. Ushangazi huo alipewa na watoto wawili wa kaka yake, wa kike na wa kiume, aliowachukua wangali wadogo baada ya kaka yake kufariki na wifi yake kuolewa kwingine. Yeye mwenyewe hakuolewa. Waposaji walikuja, wakawaona wale watoto wawili wamekaa mkekani wanasubiri chakula, wakaaga mmoja mmoja kama wageni waliogundua hakukupikwa. Watoto wakakua, wakasoma, wakatawanyika. Wa kike aliolewa mji wa mbali na kufanya kazi benki. Wa kiume alishika usukani wa lori la masafa marefu, leo yuko mpaka huu, kesho mpaka ule. Jina ndilo lililobaki, mtaa mzima ukalirithi.

Alianguka bafuni kwake. Aliteleza kwenye sabuni.

"Miaka yote nimeishi nayo vizuri," alimwambia daktari wa mapokezi, "leo ndiyo ikanigeuka."

Nyonga ilikuwa imevunjika. Kwa bahati mpwa wake wa lori alikuwa nyumbani siku hiyo. Alimbeba, akamfikisha hospitali, akasimama pembeni hadi alipopata kitanda na mguu ukafungwa kamba yenye uzito unaoning'inia chini ya kitanda, kusubiri siku ya upasuaji. Kisha akaanza kutazama simu yake.

"Shangazi, mzigo wa watu unanisubiri. Nikirudi tu, nakuja hapa moja kwa moja."

"Nenda, baba. Mimi nitahangaika na nini hapa? Kazi yenyewe ni kulala."

Siku hiyo hiyo alikuja muuguzi mrefu, mwenye miwani iliyofungwa uzi shingoni. Wodi nzima ilimwita Sista Miwani. Alivuta kiti, akakaa, jambo ambalo Shangazi hakulitarajia kwa mtu mwenye kazi nyingi namna ile.

"Sukari unayo?"

"Ninayo, sista, lakini si ya kutisha."

"Miguu inakufa ganzi?"

"Kidogo. Asubuhi tu. Na jioni."

"Na mchana?"

"Mchana nakuwa na kazi, sina nafasi ya kuisikiliza."

Sista Miwani akacheka. Akapitisha mkono chini ya visigino vyake, akabonyeza kiunoni, akagusa kisogo, akaomba ruhusa, kisha akapapasa kifandugu, pale uti wa mgongo unapoishia. Mkono wake ulikuwa mwepesi. Shangazi aliukaza mwili wote mpaka ulipoondoka.

"Umekonda, Shangazi."

"Sijawahi kunenepa. Maji ya kufulia yananyonya."

"Basi nisikilize. Mguu umefungwa, kwa hiyo kujigeuza mwenyewe huwezi. Una umri, una sukari, na nyama ya kukukinga na godoro huna. Mtu wa namna yako akilalia mfupa mmoja muda mrefu, damu haipiti pale, na ngozi inakufa. Juu unaona kama hakuna kitu, chini kumeshaoza. Nimeona kidonda cha kulalia kimefika mfupani. Kwa hiyo kila masaa mawili ugeuzwe, hata kama ni kuegeshwa na mto tu. Ule vizuri. Unywe maji. Ukilowa, useme saa hiyo hiyo, maana ngozi iliyolowa inachunika haraka. Na mahali popote pakikuwaka, useme. Kwa weusi wetu huu wekundu hauonekani upesi. Nisipoambiwa na wewe, sitajua."

"Nimesikia, sista."

"Watu wako wapo? Maana sisi tuko wawili kwa wodi nzima, na mhudumu mmoja. Wagonjwa wengi hapa wanasaidiwa na ndugu zao."

"Wapo," Shangazi alisema. "Watakuja."

Kitanda cha jirani alilala mama mmoja kijana aliyegongwa na pikipiki, mguu umevunjika na mkono pia. Alikuwa na watoto pacha, hivyo akaitwa Mama Pacha. Saa za kutazama wagonjwa zikifika, kitanda chake kilizingirwa kama kuna mnada. Mume, mama mkwe, dada zake, mawifi, wote walikuja na vyombo na kanga na maneno. Walimgeuza kwa kuhesabu, "Moja, mbili, haya!" naye akipiga kelele kwamba wanamuua, kisha wote wanaangua kicheko. Mama mkwe alimpaka mafuta mgongoni huku akimsema mwanawe kwamba hajui hata kushika mto.

Shangazi alifumba macho saa hizo zote, ili watu waseme "mgonjwa huyu amelala" na wapunguze sauti, badala ya kusema "mgonjwa huyu hana mtu." Akigeuza uso, palikuwa na ukuta. Rangi ilikuwa imebanduka sehemu sehemu, na alijua kila palipobanduka kama mtu anavyojua vyumba vya nyumba yake.

Mara ya kwanza kugeuzwa ilimwia vibaya. Sista Miwani hakuwa zamu. Alikuja muuguzi mwingine na yule mhudumu, mbio mbio, huku wageni wamejaa. Pazia la kitanda lilikuwa limekwama kwenye reli yake, halikuvutika. Kwa kuwa alikuwa ameteleza kuelekea miguuni, walimshika makwapani wakamvuta juu, na ngozi ya mgongo ikakwaruzika kwenye shuka kama nguo inavyosuguliwa kwenye ubao. Nyonga ikamchoma hadi akaona giza. Gauni la hospitali likapanda mpaka kiunoni. Kwa muda mfupi tu, watu waliokuja kumwona Mama Pacha waliuona mwili ambao tangu utotoni haukuwahi kuonwa na mtu. Mume wa Mama Pacha aligeuka haraka akatazama dirishani. Adabu yake hiyo ndiyo iliyomuumiza Shangazi zaidi.

Walipokuja tena, aliwawahi.

"Wameshanigeuza, mwanangu."

"Nani?"

"Wale wa mwanzo."

Muuguzi alishusha pumzi, akaenda kwa mgonjwa mwingine. Basi ikawa ndiyo desturi. Zamu ya asubuhi aliiambia amegeuzwa na ya usiku, na zamu ya usiku aliiambia amegeuzwa na ya mchana. Hakuna aliyekuwa mvivu pale. Lakini mtu aliyechoka, akiambiwa kazi imeshafanyika, haulizi mara mbili. Na yeye alisema kwa uso mkunjufu, akiongeza na pole: "Nendeni kwa wenye shida, mimi niko sawa."

Chombo cha kukojolea nacho alikiogopa. Kuinuliwa kiuno, kuwekewa kile kibati cha baridi, kusubiriwa. Akaona njia rahisi ni kutokunywa. Alilowesha midomo tu, akaacha kikombe kijae mpaka jioni. Uji alikula vijiko vichache, kwa sababu kinachoingia lazima kitoke. Mwili wake, uliokuwa mkavu tangu mwanzo, ukaanza kukauka kweli kweli.

Kulikuwa na jambo jingine, ambalo hakumwambia mtu. Huko nyuma ya majengo, mahali fulani, kulikuwa na dobi wa hospitali. Dobi huyo angeikunjua shuka yake. Angeitazama kwenye mwanga, kama yeye alivyozitazama za wengine, akajua kila kitu kuhusu mwanamke wa kitanda cha ukutani. Shangazi alilala kimya akimfikiria mtu huyo asiyemfahamu, na akajibana.

Kifandugu kilianza kumuwaka. Kisha kisigino cha mguu uliofungwa. Ulikuwa moto mdogo, kama wa kukalia pasi iliyopoa nusu. Alijaribu kujinyanyua kwa viwiko, akashindwa. Baada ya siku chache moto ule ukapungua, ukazima. Akafurahi. Akajua mwili umeshazoea kitanda.

Halafu ikaja alasiri ile. Wageni walikuwa wamejaa kwa Mama Pacha, pacha wenyewe wameletwa, wamevalishwa nguo zinazofanana, na wodi nzima inacheka kwa sababu mmoja amemkataa mama yake na mwingine hataki kumwachia. Shangazi alikuwa amebana mkojo tangu asubuhi. Alimwona mhudumu akipita, akafungua mdomo, akaufunga. Kumwita maana yake ni vichwa vyote kugeuka. Akasubiri wageni waondoke. Mwili haukusubiri.

Alihisi joto likienea chini yake, kisha joto likageuka baridi. Alivuta blanketi mpaka kidevuni. Pacha walikuwa wakipigiwa makofi. Aliendelea kulala na macho yamefumbwa, na chozi moja likateremka kuelekea sikioni, likaingia ndani ya sikio, naye hakuinua mkono kulifuta, mtu asije akajua kwamba yuko macho.

Jioni Sista Miwani alichungulia kutoka mlangoni, mikono imejaa vifaa.

"Shangazi, mzima?"

"Mzima kabisa."

"Umegeuzwa?"

"Wameshanigeuza."

Shuka ilikauka kwa joto la mwili wake. Ikalowa tena kesho yake, ikakauka tena.

Aliyelisema jambo lile alikuwa Mama Pacha. Ilikuwa asubuhi, kabla ya madaktari kupita, wodi imetulia.

"Shangazi, nikuulize kitu, usinikasirikie. Una kidonda?"

"Mimi? Kidonda cha wapi?"

"Kuna harufu. Nilidhani ni ya mguu wangu, nimenusa, si ya kwangu."

"Labda ni zile nguo za mawifi zako," Shangazi alisema. Alikusudia iwe utani. Sauti yake haikumsaidia.

Mama Pacha alimtazama kwa muda. Alikuwa na umri wa kuwa mwanawe. Kisha akajaza kifua hewa, akaita kwa sauti ya kuitia watoto wanaocheza mbali: "Sista! Sista Miwani! Njoo huku!"

Safari hii pazia lilivutika. Sista Miwani na mhudumu walimgeuza polepole, kwa kuishika shuka yenyewe pande zote ili ngozi isikwaruzwe, mto ukawekwa kati ya magoti. Shangazi alikodolea ukuta. Alisikia mhudumu akivuta pumzi kwa mdomo, kama mtu anayejizuia kunusa. Kisha glavu zikivaliwa.

"Nani alikuwa anakugeuza?" Sista aliuliza hatimaye.

Shangazi alikwaruza kwa ukucha rangi iliyobanduka ukutani.

"Nakuuliza kwa wema, Shangazi."

"Hakuna."

"Si ulikuwa unasema..."

"Nilikuwa nasema."

Sista Miwani alikaa ukingoni mwa kitanda. Alivua miwani, ikaning'inia kwenye uzi wake. Sauti yake ilipotoka ilikuwa na hasira, lakini Shangazi hakuweza kujua ni hasira ya kumkasirikia nani.

"Na mimi nilikuwa nauliza kutoka mlangoni," alisema. "Sikufunua nikaangalia."

Daktari wa mifupa alikuja mchana. Alikuwa mtu wa maneno machache, na machache hayo aliyasema amesimama. Upasuaji uliopangwa wiki ile usingefanyika. "Nikiweka chuma kwenye nyonga wakati pembeni kuna kidonda chenye wadudu, wadudu watahamia kwenye chuma, na hapo tutakuwa na shida kubwa kuliko hii. Kidonda kwanza."

"Mpaka lini, daktari?"

"Mpaka kifunge."

Alipoondoka, Shangazi alimwomba Sista Miwani jambo. Alitaka kukiona. Sista alisita, akamuuliza kama ana hakika, kisha akatoa simu, akapiga picha, akamshikia mbele ya uso. Shangazi alidhani ataona mchubuko, kitu cha kufunikwa na vidole viwili. Aliona shimo lenye upana wa kiganja, katikati jeusi kama kitambaa kilichoungua, kingo zake zimechakaa na kulowa. Alirudisha kichwa nyuma ili aone vizuri zaidi.

"Huyu ndiye mimi?"

"Ndiye wewe."

"Mbona hakiumi?"

"Katikati pamekufa, hapana maumivu tena. Kikianza kupona ndipo kitauma."

Aliitazama mpaka kioo cha simu kikazimika chenyewe. Siku zote hizo alikuwa amelala juu yake, uzito wake wote juu yake, na hakuwa na habari. Alihisi kama mtu aliyeishi nyumba moja na mgonjwa mahututi bila hata kumgongea mlango.

Sista ndiye aliyempigia mpwa wa kike, kwa simu ya Shangazi mwenyewe. Alikuja mwisho wa wiki, amevaa vizuri, uso umevimba kwa kusafiri. Alileta matunda, sabuni ya harufu, na gauni jipya la kulalia lililokuwa bado kwenye mfuko wake wa plastiki. Alisimama miguuni mwa kitanda, akashika chuma cha kitanda kwa mikono yote miwili.

"Shangazi, mbona hukusema?"

"Ningesema nini, mama? Una kazi. Una watoto."

"Ungesema tu."

Wakaongea habari za watoto, shule, mvua, mume aliyehamishwa idara. Maneno yakaisha upesi. Kila mmoja alitafuta jipya la kusema, akilipata alilitumia mpaka likachakaa. Kisha muda wa kugeuza ukafika, na Sista Miwani, kwa nia njema kabisa, akamwambia mgeni: "Karibu unisaidie, ujifunze. Shika hapa begani, na hapa kiunoni."

Mpwa akashika. Mikono yake ilikuwa baridi. Shangazi akakumbuka mara zote alizomshika yeye namna ile, bega na kiuno, juu ya beseni, mtoto anarusha miguu na povu liko machoni. Tangu wakati huo hawakuwahi kugusana zaidi ya salamu. Bandeji ilipofunuliwa, mikono ile ikaachia.

"Samahani," mpwa alisema, akatoka mpaka kwenye varanda.

Aliporudi macho yalikuwa mekundu na alikuwa amenawa uso. Alikaa kidogo, akatazama saa, akasema basi la mwisho linawahi kuondoka. Akainama, akambusu paji la uso.

"Nitarudi mwisho wa mwezi."

"Usijali, mama. Fika salama."

Mwisho wa mwezi hakurudi, wala mwezi uliofuata. Alipiga simu, hilo hakuliacha, kila Jumapili. Shangazi hakuwa na kinyongo naye. Alilivaa lile gauni, na lilimkaa vizuri.

Zikaanza siku ndefu. Nyama iliyokufa ilikatwa kidogo kidogo, kidonda kikasafishwa na kujazwa shashi. Sindano ya sukari asubuhi na jioni. Mpira wa mkojo uliwekwa ili asilowe tena, na visigino viliegeshwa juu ya mto vikabaki hewani, havigusi kitu. Sista Miwani alisimama pale hadi yai liliwe na kikombe cha maji kionekane chini. Shuka ilinyooshwa isiwe na kikunjo hata kimoja, na katika hilo Shangazi alikuwa msimamizi mkali. "Huko kushoto pamekunjika," alisema, na mhudumu akarudi kunyoosha huku ananung'unika.

Kidonda kilipoanza kupona kikauma, kama alivyoambiwa. Aliuma meno akashukuru.

Kuhusu kugeuzwa, Mama Pacha ndiye aliyekuwa kengele. Muda ukipita kidogo tu, sauti yake ilijaza wodi: "Sista! Shangazi kaiva upande huu, mgeuzeni asije akaungua!" Wodi nzima ilicheka. Mwanzoni Shangazi alitamani ardhi immeze. Baadaye alijikuta naye anacheka, kicheko kilichomtikisa mpaka nyonga ikalalamika. Waligeuzwa wakatazamana, mmoja ubavu wa kulia, mwingine wa kushoto, wakaongea mambo mengi. Mama Pacha alitaka kujua madoa ya damu hutolewaje, na ya mafuta, na ya wino, na Shangazi alimweleza moja baada ya jingine. Kwa muda mrefu hakuwa ameongea na mtu maneno mengi kiasi kile.

Kisha Mama Pacha akaruhusiwa. Familia ilikuja yote. Walipakia vyombo, kanga na magongo, wakaaga wodi kitanda kwa kitanda. Alipofika kwa Shangazi alimshika mkono.

"Nitakuja kukuona."

"Njoo," Shangazi alisema. Wote wawili walijua namna watu wanavyosema hayo hospitalini.

Godoro lililobaki lilifutwa kwa dawa, plastiki yake ikang'aa. Jioni hiyo wodi ilikuwa na watu wengi kama kawaida, lakini upande ule wa ukutani palikuwa kimya kama nyumba ambayo watoto wamekwenda likizo. Kesho yake aliletwa bibi kizee sana, mwenye kiharusi, asiyesema. Macho yake yalikuwa wazi na hayakumfuata mtu.

Muda wa kugeuzwa ukapita. Shangazi aliujua, mwili wenyewe ulikuwa umejifunza. Alisubiri. Kifandugu kikaanza kuwaka. Alitazama mlangoni, hapakuwa na mtu.

"Sista," aliita. Ilitoka kama mtu anayeongea na mto wake.

Akasafisha koo.

"Sista!"

Mgonjwa wa kitanda cha tatu akageuka kumtazama. Uso ukamchoma. Hakuna aliyekuja. Akavuta hewa, akaita tena, kwa sauti ambayo hakuwahi kuitumia tangu enzi za kuwaita watoto warudi ndani: "Jamani, nigeuzeni! Nimeiva!"

Watu wakacheka, na mhudumu akatokea anakimbia, anafuta mikono kwenye aproni. Alipomaliza kumweka sawa, Shangazi alimwonyesha kwa kidevu kitanda cha bibi wa kiharusi.

"Na huyu naye. Huyu hawezi kuita."

Bibi yule alifariki baada ya wiki moja, na hakuna aliyekuja kumwona. Shangazi alikuwa amemsalimia kila asubuhi, bila kujibiwa.

Upasuaji ulifanyika kidonda kilipofunga, majira yakiwa yamebadilika nje ya dirisha. Mfupa ulikuwa umekaa vibaya muda mrefu, hivyo mguu mmoja ulitoka mfupi kuliko mwenzake. Alifundishwa kusimama, kisha kutembea na fremu ya chuma. Siku ya kuruhusiwa, Sista Miwani alimpa maagizo: kila akikaa, ahamishe uzito huku na huku, na kovu liangaliwe kila siku na mtu, maana ngozi mpya ni laini na inapasuka bila taarifa. "Na kwa kuwa wewe mwenyewe hupaoni," alisema, "tafuta mtu wa kuangalia."

Mpwa wa lori ndiye aliyemchukua, kama alivyoahidi, ingawa alichelewa miezi. Alimpandisha kwenye lori kwa kumbeba. Nyumbani chumba kilikuwa na harufu ya kufungwa. Alifungua dirisha, akafagia, akatandika kitanda vibaya, akachemsha chai.

Kabla giza halijaingia, Shangazi alilala ubavu.

"Baba, njoo uniangalizie."

"Niangalie wapi?"

"Hapa nyuma. Sista amesema."

Mpwa alisimama. Alikuwa mtu mzima, ndevu zimeanza mvi.

"Shangazi, mimi..."

"Nimekuosha wewe mwili mzima mpaka ukajua kusoma. Angalia tu."

Alishusha kanga kidogo, panapotosha. Mpwa akawasha taa ya simu, akapiga goti. Shangazi alisikia pumzi zake karibu na mgongo.

"Pakoje?"

"Pamefunga." Akasogeza taa karibu. "Pameingia ndani kidogo. Pana weupe."

"Hapana unyevu?"

"Hapana."

Akamfunika, akakaa sakafuni, mgongo kwenye kitanda.

Asubuhi aliondoka, mzigo ulikuwa unamngoja. Lori lilinguruma, likakata kona, mtaa ukatulia. Shangazi alikaa ukingoni mwa kitanda, akahamisha uzito kulia, kisha kushoto. Nje jirani wa chumba cha tatu, mwanamke ambaye kwa miaka wamesalimiana tu juu ya kamba ya nguo, alikuwa anafagia uwanja. Shangazi alisikiliza. Ufagio ulipofika karibu na mlango wake, akamwita.

Jirani akaingia, akiuliza kulikoni. Akaelezwa. Akasugua mikono kwenye kanga yake, akainama, akaangalia, akagusa kwa kidole kimoja cha baridi.

"Pamekauka vizuri," alisema. "Hata kesho nitapita."

Akarudi kufagia. Shangazi alibaki amelala ubavu vile vile, hajajifunika bado, akiusikiliza ufagio ukienda mbali.